Shule ya Kartie na Pesa ya Serikali: Anza Hapa

Ndosho, Goma, alfajiri. Mtoto wa darasa la tatu yuko kwenye foleni ya maji na bidon yake ya lita 20. Saa moja na nusu anaingia darasani, tumbo tupu. Saa nne anasinzia juu ya kaye. Mwisho wa muhula mwalimu anaandika kwenye bulletin: mvivu.

Wewe mama, wewe papa, uliyechaguliwa kwenye COPA, kamati ya wazazi, unajua mtoto huyo si mvivu. Ana njaa. Amechoka. Pengine ana minyoo, pengine hana hata karatasi ya kuzaliwa. Shule inayomtazama kichwa tu haitamfikia.

Goma tunajua shule inayomshika mtoto mzima inavyokuwa. Pale Don Bosco Ngangi, darasa, ufundi, matibabu na sahani ya chakula viko kwenye uwanja mmoja. Lakini Ngangi ina Wasalesiani nyuma yake, pamoja na marafiki zao wa nchi nyingi. Shule yako ya kartie haina marafiki hao. Ina haki juu ya pesa ya umma, na pesa hiyo imetawanyika: kidogo iko elimu, kidogo afya, kidogo affaires sociales, kidogo komini. Hakuna biro itakayokukusanyia. Utakusanya wewe, na inawezekana.

Jua kilicho chako

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na sote tunauita gratuité. Kwako wewe maana yake ni mambo mawili. Mshahara wa mwalimu ni deni la serikali. Na shule inastahili frais de fonctionnement, pesa ya chaki, ya karatasi na ya matengenezo madogo. Ile prime tuliyozoea tangu miaka ya 1990, mzazi kumlipa mwalimu kwa mfuko wake, haina nafasi tena kwenye shule ya msingi ya umma.

Shule za makanisa zimo ndani. Mkataba wao na dola ni wa 1977. Iwe ya Wakatoliki, ya CBCA, ya CEPAC au ya Wakimbangu, ikiwa ni conventionnée, hesabu ni ileile.

Sasa nenda kwa direkta na swali moja: "Shule yetu ni mécanisée?" Maana yake, je, iko kwenye orodha ya malipo ya DINACOPE, ile tuliyoiita SECOPE zamani? Usikubali jibu la mdomo. Omba kuona namba, na omba kujua ni walimu wangapi wanalipwa na wangapi bado ni NU, nouvelles unités wanaofundisha bila mshahara. Andika hesabu hizo mbili. Utazihitaji kwenye kila barua.

Kama shule yenu ilianzishwa na wazazi wenyewe na haina karatasi yoyote, usianze kwa kudai mishahara. Anza na arrêté d'agrément, kibali cha serikali cha kuitambua shule. Wainspekta watakuja kwa ziara ya viabilité: wataangalia madarasa, vyoo, diploma za walimu, idadi ya watoto. Dosye inapanda kutoka sous-division hadi kwa PROVED, mkuu wa elimu wa Nord-Kivu 1, kisha Kinshasa. Njia ni ndefu. Msikae mkiisubiri, kwa sababu chanjo, maji na karatasi za kuzaliwa haziulizi kama shule ina agrément.

Hesabu watoto kabla ya kuomba chochote

Chukua kaye mpya. Wiki moja, kila asubuhi, kila mwalimu aandike namba nne za darasa lake: wangapi wamekuja bila kula, wangapi hawapo, wangapi wameumwa tumbo au homa, wangapi walichota maji kabla ya kuja. Namba tu. Ijumaa jumlisha.

Usiulize mbele ya darasa. Mtoto mwenye njaa atasema ameshiba, aibu isimpate. Mwalimu aulize mmoja mmoja, au ajue kwa kutazama. Walimu wengi wanajua tayari.

Na hili nalisema kwa uzito: usiandike kabila. Usiandike mtoto alitoka kijiji gani. Tumeona kambi zikijaa na kubomolewa, tumeona watu wakikimbia mara mbili, mara tatu. Orodha ya majina na asili ikianguka kwenye mikono mibaya inaweza kumdhuru mtu. Namba zitoke nje ya shule. Majina yabaki na direkta, kwenye kabati lenye kufuli.

Halafu uliza kuhusu ST2. Ni fomu ya takwimu ya shule ya msingi, inayojazwa kila mwaka. Huko juu, shule yako ni fomu hiyo. Kama ina madarasa manane na fomu inasema sita, madarasa mawili hayapo duniani. Omba COPA iione kabla haijaondoka, na bakini na nakala.

COPA, COGES, na nani asaini

Watu wanazichanganya. COPA ni wazazi. COGES ndiyo inayosimamia mali na pesa ya shule, na direkta yumo humo pamoja na walimu na wajumbe wa wazazi. Zote mbili ziko kwenye sheria ya elimu ya 11 Februari 2014. Barua ya pesa inayotoka COPA peke yake inasomwa kama malalamiko. Ikisainiwa na rais wa COPA pamoja na direkta, inasomwa kama ombi la shule. Kwa hiyo kaeni kikao kimoja, andikeni PV, ripoti ya kikao, ya ukurasa mmoja, wote waliokuwepo wasaini, ibandikeni nyuma ya barua.

Kama direkta hataki, usimpigie kelele kikaoni. Mfuate peke yake, mweleze kwamba barua hii inamwondolea mzigo. Mara nyingi anaogopa kuonekana anashtaki wakubwa wake. Mwonyeshe kwamba hamshtaki mtu.

Afya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi

Wazazi wengi wanaanza na chakula. Chakula ni mlango mzito kuliko yote. Anza na ule utakaofunguka wiki hii, kamati ipate moyo.

Kila kartie iko ndani ya aire de santé, na kila aire ina centre de santé yenye infirmier titulaire, IT. Nenda ukamwone na namba zako za Ijumaa. Omba mambo matatu: dawa ya minyoo kwa shule nzima kampeni ijayo, tarehe za chanjo, na mtu mmoja wa kupigiwa simu mtoto akianza kuharisha. Goma kipindupindu hakiondoki kabisa, kinalala tu. Shule yenye namba ya IT ukutani inapata saa kadhaa mbele ya ugonjwa.

Muulize pia kama kuna APS, yule assistant psychosocial. Watoto wetu wamesikia mabomu. Wengine wamelala juu ya mawe ya Mugunga na Bulengo chini ya shitingi. Mwalimu hahitaji kuwa mwanasaikolojia, anahitaji kujua ampeleke wapi mtoto anayetetemeka mlango ukigongwa. Na asimlazimishe mtoto huyo kusimulia mbele ya wenzake.

Maji na vyoo

Tumekaa kando ya ziwa na bado watoto wanabeba bidon. Kwenye barua yako tenganisha maji ya kunywa na maji ya kunawa. Kwa kunawa, pipa lenye robinet, mvua ya bati na klorini vinatosha kuanza. Kwa kunywa, uliza Regideso au msimamizi wa borne ya karibu: bomba lao la mwisho liko mita ngapi kutoka shuleni? Pima kwa hatua zako kama huna kamba. Ombi lenye mita linajibiwa, ombi la "tunateseka na maji" linawekwa pembeni.

Vyoo ni habari nyingine. Ardhi yetu ni lava ya Nyiragongo. Kuchimba shimo hapa ni kuvunja jiwe siku baada ya siku, ndiyo maana vyoo vya Goma vinapanda ngazi badala ya kushuka chini. Choo cha juu ya ardhi kinajaa. Kwa hiyo bajeti yako iwe na mistari miwili, kujenga na kutoa uchafu. Shule nyingi zinajengewa vyoo vizuri, mwaka wa pili vinafungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyepanga vidange.

Nchi ina programu ya kitaifa inayoitwa École et Village Assainis, ya wizara za afya na elimu pamoja na UNICEF. Mlango wake ni zone de santé: iwe ya Goma au ya Karisimbi, kutegemea mnakoishi. Uliza kama shule yenu inaweza kuingia. Hakikisha vyoo vya wasichana vina mlango unaofungwa kwa ndani. Andika hivyo waziwazi, usione haya.

Karatasi za kuzaliwa

Mtoto akiandikishwa état civil ndani ya siku 90 tangu azaliwe, ni bure. Zikipita, inabidi jugement supplétif ya Tribunal pour enfants, na hapo ndipo mzazi maskini anapokata tamaa.

Usiende na mtoto mmoja. Kusanya wote wasio na karatasi, arobaini, sitini, uwaweke kwenye dosye moja, uombe audience foraine, yaani hakimu aje kwenu kusikiliza wote siku moja. Pitia komini na affaires sociales. Wakati mnasubiri, direkta asimfukuze mtoto yeyote kwa kukosa karatasi.

Kuna pia wale wakubwa: miaka 12, hajui kusoma, vita vimemla miaka. Usimsukume darasa la kwanza akae na wa miaka sita. Kuna CRS, centres de rattrapage scolaire, miaka sita ya msingi kwa mitatu. Ziko chini ya affaires sociales, siyo chini ya PROVED. Kwa hiyo nenda DIVAS, division ya affaires sociales.

Sasa chakula

Hapa kaa chini na kalamu. Usiandike "watoto wana njaa". Andika kilo.

Chukua shule ya watoto 400. Weka gramu 120 za unga wa mahindi kwa mtoto, gramu 30 za maharagi, gramu 10 za mafuta. Kwa siku ni kilo 48 za unga, 12 za maharagi, 4 za mafuta. Mwezi wa siku 20 za masomo: unga kilo 960, karibu mifuko 39 ya kilo 25, maharagi kilo 240, mafuta kilo 80. Ongeza makala, chumvi, na posho ya mama wapishi. Nenda soko la Virunga au la Birere, uliza bei kwa wauzaji watatu, chukua ya katikati. Sasa una bajeti.

Ukiona ni kubwa mno, punguza siku, usipunguze watoto. Uji siku mbili kwa wiki kwa wote ni bora kuliko bugali kila siku kwa darasa moja, wengine wakitazama dirishani.

Mlango mkubwa wa cantine ni PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Si pesa ya serikali yetu, lakini ni pesa ya umma ya nchi zinazochangia. Usiandikie PAM peke yako. Peleka ombi sous-division, nakala kwa PROVED, ili jina la shule liingie kwenye orodha wanapokaa kuchagua. Kabla hawajaja kutazama, tayarisha vile ambavyo kila cantine inadaiwa: stoo kavu yenye kufuli, jiko lenye paa, maji, na kamati ya wapishi. Wazazi wanaweza kujenga jiko kwa siku mbili za salongo, kazi ya pamoja. Mkiweka ndani mbabula bora, zinameza makala machache kuliko za kawaida, na kila gunia mlilookoa ni mti uliobaki kwenye mbuga ya Virunga.

Msirundike akiba. Januari 2025 maghala ya chakula mjini yaliporwa mchana kweupe. Weka ya wiki mbili, si ya miezi mitatu.

Mzazi akitaka kuchangia, pokea, lakini kwa hiari na kwa siri. Nairobi wana jambo la kuiga hapa. Tangu 2023, kaunti na shirika la Food4Education wanapikia shule za umma kwenye majiko makubwa ya pamoja, mzazi anatoa shilingi 5 kwa sahani, mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine na anapewa chakula. Bangili zote zinafanana. Wewe huna mashine, una sanduku. Liweke ofisini, kila mzazi apite peke yake, mwenye kitu atie, asiye na kitu apite vilevile. Siku mtoto wa kwanza atakaponyimwa sahani kwa sababu mama yake hakutia, mmeirudisha prime kwa mlango wa nyuma.

Komini

Komini zetu mbili, Goma na Karisimbi, ni entités territoriales décentralisées. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inazipa bajeti yao. Bajeti hiyo ni nyembamba, kwa hiyo omba kitu kimoja chenye mwisho: tanki, mitaro ya maji ya mvua, mlango wa choo. Andika mapema, kabla bajeti ya mwaka mpya haijafungwa. Bukavu waliwahi kujaribu budget participatif, wakaazi wakipiga kura kwa SMS juu ya matumizi ya komini yao. Omba nafasi kama hiyo kwa mdomo, kupitia chef de quartier. Yeye anajua siku bourgmestre anapopokea watu.

Barua

Ukurasa mmoja. Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya biro, lakini iandikeni kwanza kwa Kiswahili kikaoni ili kila mzazi ajue kilichosemwa. Mpangilio huu unafanya kazi:

"Sisi COPA na COGES ya shule fulani, kartie fulani, tuna wanafunzi 412. Wiki ya tarehe fulani, 167 walikuja bila kula. Tuna stoo na jiko. Tunaomba shule iingizwe kwenye orodha ya cantine. Tutawajibika kwa maji, wapishi na hesabu ya kila mwezi. PV iko nyuma."

Badilisha namba kwa zako, na ziwe za kweli. Barua moja, ombi moja, biro moja. Ukiweka maji, vyoo na mishahara pamoja, kila biro itasema sehemu hiyo ni ya jirani.

Andika kwa cheo, si kwa jina la mtu. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko chini ya mamlaka nyingine, na waliokaa kwenye viti wamebadilika na wanaweza kubadilika tena. Barua izungumzie watoto tu. Hakuna shukrani za kisiasa, hakuna picha na viongozi, hakuna bendera ya chama ukumbini. Shule ikichukua upande, watoto ndio wanaolipa.

Pesa ikifika

Benki zilifunga milango Goma Januari ileile. Pesa ikaanza kupita kwenye simu, na simu ina mwenye nayo mmoja. Gawanyeni: mtu wa kwanza ashike simu, wa pili ajue PIN, wa tatu aandike kaye ya hesabu. Wasiwe wa nyumba moja.

Kila kilichoingia na kilichotoka kiandikwe pia kwenye karatasi ukutani, karibu na mlango, mahali mama anayekuja kumchukua mtoto anasoma akiwa amesimama. Kiasi, tarehe, kilichonunuliwa, nani alikwenda sokoni. Hata frais de fonctionnement, hata ikiwa ni kidogo ya kuchekesha. Mzazi akiona franga 5,000 za chaki zimeandikwa, ataamini mifuko 39 ya unga.

Karatasi zenyewe, nakala za barua, PV, ST2, namba ya arrêté, zikae mahali pawili: shuleni na kwa mzazi mmoja wa kartie nyingine. Piga picha kila ukurasa. Tumeshakimbia kwa lava mwaka 2002 na 2021, tukakimbia kwa risasi, na kila mara shule inarudi ikianza dosye upya.

Nenda biro na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wapige kashe ya accusé de réception, tarehe na saini. Sekretari akisema kashe haipo leo, mwambie kwa upole utakaa umsubiri mwenye kashe. Kaa kweli. Beba maji ya kunywa.

Siku ya kumi na tano bila jibu, rudi. Usiandike barua mpya, onyesha ileile yenye kashe, uliza iko mezani kwa nani, andika jina la cheo chake kwenye kaye. Nendeni wawili, mama mmoja na papa mmoja, na wiki inayofuata waende wengine wawili, biro izoee kuona sura za wazazi wa shule hiyo.